Aliyeiona Nyota Saa Nne Asubuhi

3 Februari

Shangazi,

Kabla ya salamu niache niliseme hili, maana nikianza na shikamoo nitapata mahali pa kujificha: nimepongezwa kwa kitu ambacho sikukifanya, nikajibu "asante". Sijamwambia mtu yeyote. Wewe ndiye wa kwanza, na hata wewe nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu ya nyumbani mama anaisoma kama gazeti.

Sasa, shikamoo. Sisi hatujambo. Mama bado yuko duka la dawa na bado anarudi akinuka spiriti. Baba anaondoka kila siku saa moja na nusu na mkoba wake kwenda kiwanda cha uchapaji, kusahihisha prufu zake, na jioni akiulizwa habari za kazi anasema, "Kazi ileile, makosa mapya." Mimi nimekuwa wa nne katika fizikia. Mwalimu aliuliza swali, nikalijua jibu, mkono ukagoma kunyooka. Kwa hiyo bado ni Kisauti yuleyule uliyempa jina.

Jambo lenyewe ni hili. Tangu mwaka jana nimejiunga na watu wa kujitolea wanaowasaidia wanaastronomia. Usicheke kwanza. Kuna darubini huko juu angani inayopima mwanga wa nyota, maelfu kwa maelfu, na watafiti hawana macho ya kutosha kuzitazama zote. Basi wanaweka michoro kwenye mtandao, na yeyote mwenye subira anaitazama. Kila nyota ni safu ya vitone. Ikiangaza vilevile siku zote, vitone vinakaa sawa. Sayari ikipita mbele yake inaziba mwanga kidogo, na vitone viwili vitatu vinazama chini ya wenzake. Sisi tunaweka alama pale vilipozama. Mchoro mmoja unatazamwa na watu kumi na wanane, ili mmoja akisinzia wengine wawe macho. Na wanatutegea pia: wanachomeka michoro ya kubuni kusudi waone nani anabonyeza tu. Ni mahali pekee ninapofanya kazi na watu bila mtu kuniambia nipaze sauti.

Wiki iliyopita mtafiti mmoja aliniandikia. Kuna nyota ambayo kati ya watu kumi na wanane, akaunti yangu peke yake ndiyo iliyoiwekea alama. Wameihakiki kwa darubini nyingine, na kweli, kuna kitu kinapita. "Una jicho la ajabu," akaandika. Nikajibu asante, uso unanichoma kwa furaha, ndipo nikaenda kuitazama hiyo alama yangu. Imewekwa Jumanne tarehe 20 Januari, saa nne na dakika arobaini na mbili asubuhi.

Jumanne saa nne, Shangazi, niko maabara ya kemia, nimeshika bomba la kioo, nimevaa miwani ya plastiki.

Nikafungua kumbukumbu zote. Kila siku ya kazi, kuanzia saa nne kasoro hadi saa saba mchana, kuna mtu anatumia akaunti yangu. Jumamosi na Jumapili hayupo. Ametazama michoro zaidi ya elfu moja. Mitego yote ameiruka. Mimi hunasa kwa mmoja katika kila kumi.

Kompyuta ni ile ya sebuleni, na neno la siri linajiandika lenyewe. Nani yuko nyumbani saa nne? Hakuna mtu. Ndiyo maana naogopa. Namshuku mama. Duka lake liko mitaa miwili tu kutoka hapa, na tangu aone naamka alfajiri kukaa kwenye kompyuta ameamini kuna mvulana. "Nyota gani hizo zinatazamwa sebuleni?" ananiuliza. Labda anaingia kunipeleleza, na akishaingia anabonyezabonyeza. Lakini mama hana subira hiyo. Mama hata wali hausubiri ukauke.

Nijibu kupitia kwa mkutubi wa shule. Nimemwambia tunaandikiana kuhusu vitabu.

Kisauti wako


24 Februari

Mwanangu Kisauti,

Marahaba, mama. Barua yako imefika na doa la chai juu ya stempu. Sijui ni chai ya posta au ya huyo mkutubi wenu. Mimi mzima, isipokuwa goti la kushoto, ambalo limejifanya mtabiri wa mvua na bado halijapatia hata siku moja. Hapa hospitalini, chumba cha kufulia, mashine kubwa ya pasi ililala siku nne. Tumekunja mashuka mabichi mpaka vidole vikajikunja vyenyewe. Msimamizi akatuambia tuchukulie kama mazoezi ya viungo. Nikamwambia aje basi naye anyooshe viungo vyake. Hakuja.

Kazi yangu unaijua: nasimama dirishani, naliinua shuka kwenye mwanga, natafuta matundu. Mia nne kwa siku. Kwa hiyo sikukucheka. Nilisema tu, loo, ukoo mzima umezaliwa kutafuta kasoro.

Kuhusu hilo lako. Mama yako usimshuku. Yule akitaka kukupeleleza atakuja mbele, na filimbi mdomoni. Yawezekana saa ya hiyo mitambo imekosea. Ni mitambo ya mbali, huko kwao labda ni usiku. Mimi ningekushauri uache kama ilivyo. Neno la siri usilibadilishe. Mtu anayekufanyia kazi nzuri hivyo hana nia mbaya.

Baba yako anakula vizuri? Nauliza tu. Ni mtu wa kusahau tumbo lake.

Soma kwa bidii, na huo mkono ujifunze kunyooka, ni wako, haujaazimwa. Msalimie mkutubi. Na mbona hukuniambia kama baba yako anakula?

Shangazi yako


10 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Pole na goti. Huku hatujambo, ila mama amebadilisha kitasa cha chumba chao na hasemi kwa nini. Mkutubi anauliza ni kitabu gani hicho tunachokijadili kwa bahasha nene hivi. Nikasema ni kirefu.

Barua yako nimeisoma mara nne, jinsi ninavyosoma michoro. Baba umemuulizia mara mbili. Mama hata salamu hukumpa. Na umejuaje kwamba mtu huyo hana nia mbaya? Saa ya tovuti haijakosea. Alama zangu za alfajiri zina saa sahihi kabisa.

Nisamehe, neno la siri nililibadilisha.

Siku tatu alama zangu zilikuwa za alfajiri tu. Siku ya tatu, tukiwa mezani, baba akasema bila kunitazama, "Ile kompyuta, siku hizi ni nzima?"

"Nzima kivipi, baba?"

"Nauliza tu. Vitu huharibika."

Mama akaweka kijiko chini akatutazama, mmoja baada ya mwingine, kama anavyotazama karatasi ya daktari anayoishuku kuwa imeghushiwa. "Wewe na kompyuta mmejuana lini?" akamuuliza. Baba akaomba chumvi. Chumvi ilikuwa mbele yake.

Kesho yake nikainua kibodi nifute vumbi. Chini yake kulikuwa na kadi ngumu, kubwa kama kiganja, katikati imechanwa upenyo mwembamba ulionyooka kwa wembe. Kingo zake zimeng'aa kwa vidole. Kadi hiyo naijua tangu nikiwa mdogo, nikikaa chini ya meza yake kiwandani. Anailaza juu ya maandishi ili jicho lione mstari mmoja tu. Alikuwa akiniambia jicho ni mwongo, linasoma linachokitarajia, kwa hiyo lazima ulinyime.

Nikailaza kwenye kioo, juu ya ile nyota. Vitone vilivyo sawa vikaujaza upenyo. Vilivyozama vikapotea, pakabaki pengo. Bila kadi hakuna kitu, ni vumbi la vitone. Watu kumi na saba walipita hapo na macho yao yote mawili.

Basi Alhamisi nikatoroka michezo ya jioni nikaenda kiwandani. Mlinzi alikuwa anamenya chungwa.

"Unamtaka nani, binti?"

"Msahihishaji."

"Msahihishaji yupi?"

"Wa prufu. Mrefu, ana mkoba wa kahawia."

Akacheka, si kwa ubaya. "Mzee Nukta! Huyo tulimuaga Novemba. Prufu siku hizi zinasomwa na mashine. Chumba chake kile pale, tumejaza mabunda ya karatasi. Alitugawia kalamu zake nyekundu, mimi yangu hii hapa, naandikia magari yanayoingia." Kisha akanitazama vizuri. "Kwani wewe ni nani wake?"

Nikasema, "Nimetumwa tu."

Nimemkana baba yangu getini, Shangazi. Hilo nalo sijamwambia mtu.

Kuna jingine. Mtafiti ameandika tena. Wanatayarisha makala kuhusu ile nyota, na aliyeiona atatajwa humo. Wanataka jina lake kamili, na maelezo mafupi alivyoiona wakati wengine wote hawakuiona, kabla ya tarehe 30 Aprili. Nikiandika jina langu, nimeiba. Nikiandika la baba, saa imeshaandikwa pale: siku ya kazi, saa nne asubuhi, sebuleni kwetu. Mama atakuwa wa kwanza kuisoma.

Neno la siri nimelirudisha lile la zamani. Leo ameingia saa nne kasoro dakika tano, kama mtu aliyekuwa anasubiri mlangoni.

Shangazi, wewe ulijua?

Kisauti


2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Nimechelewa si kwa sababu ya posta. Nimeandika nikachana, mara tatu. Hapa kuna baridi, mashine ya pasi imepona, goti langu linaendelea na utabiri wake.

Nilijua. Tangu Desemba.

Baba yako ni mdogo wangu wa kunifuata, mimi ndiye niliyembeba mgongoni. Aliniandikia, akaniapisha nisimwambie mama yako wala wewe. Nikamwambia ni upuuzi, kuachishwa kazi si kuiba. Akajibu kwamba mwaka juzi mama yako alipewa nafasi ya kusimamia duka kubwa mji mwingine, na yeye ndiye aliyekataa kuhama. Alimwambia, "Mashine itachukua mikono ya watu, jicho haitalichukua." Mama yako akaiacha ile nafasi. Sasa atamwambia nini? Aliomba wiki mbili apate kazi kwanza ndipo aseme. Wiki mbili zikazaa miezi.

Anatembea hadi mama yako aondoke, kisha anarudi. Nyota zako alizikuta siku uliyosahau kuzima kompyuta. Zile kanuni za kusoma michoro, ulizozifasiri kwa mkono wako ukazibandika ukutani, ndizo zilizomfundisha. Alichoniandikia kuhusu kazi hiyo sitakirudia hapa chote, ila alisema huko hakuna anayemuuliza umri.

Sasa sikiliza lililo baya zaidi. Mama yako naye ameniandikia. Jirani amemwona baba yako akitoka nyumbani saa saba mchana, ameoga, nywele zimechanwa. Na mara mbili mama yako amekuta vikombe viwili vimeoshwa vikaanikwa, na asubuhi aliacha sinia tupu. Anataka nimwambie huyo mwanamke ni nani, maana anasema dada mtu hakosi kujua. Mimi najua vile vikombe. Kimoja cha chai, cha pili cha maji baridi, anachovya kitambaa na kukandia macho. Amefanya hivyo tangu ujana wake. Lakini nikimwambia mama yako habari ya kikombe, itabidi nimwambie na saa anazokuwa nyumbani.

Nimemjibu kwamba sijui lolote. Nimedanganya kwa mwandiko mzuri kabisa. Halafu nikamwandikia mdogo wangu, nikamwambia kiapo chake kinaninuka.

Usiniulize umjibu nini huyo mtafiti. Mimi niliapa nisimwambie mama yako. Sikuapa kwamba nitakuzuia wewe.

Anakula?

Shangazi yako


28 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Anakula kidogo. Mama hali kabisa. Amemwita mjomba aje Jumapili, kuna kikao, na begi lake kubwa ameshalishusha kutoka juu ya kabati. Liko kitandani, wazi, na ndani kuna viatu tu. Nadhani ameanza na viatu ili aweze kubadilisha mawazo.

Juzi alinifuata jikoni akafunga mlango. "Wewe uko hapa kila siku. Hujasikia manukato?"

"Hapana, mama."

"Hujaona nywele?"

"Nywele gani?"

"Kisauti, mama yako nimekaa na dawa miaka kumi na tisa. Mtu akiniomba dawa ya kikohozi namtambua kama anakohoa. Baba yako ana siri, na wewe unamfichia."

Nikatazama sakafu. Kwangu hilo ni jambo la kila siku, kwa hiyo sijui kama alilihesabu kuwa jibu.

Sikuweza kumkabili baba uso kwa uso. Unanijua. Lakini chini ya kila nyota tovuti ina mahali pa kuandika maoni, basi nikaandika huko alfajiri, chini ya ile nyota: "Wewe wa saa nne, uliionaje?" Niliporudi kutoka shule kulikuwa na jibu, kutoka kwenye akaunti ileile: "Samahani. Nilidhani hakuna anayehesabu. Sitarudi tena." Nikaandika, "Rudi. Wewe ni bora kuliko mimi. Niambie ulivyoiona." Siku ya tatu akaandika mistari kumi na miwili kuhusu kadi na upenyo, imenyooka kama iliyopigwa chapa, na mwishoni: "Jicho lisipewe nafasi ya kutarajia." Mzee mmoja wa kujitolea, sijui yuko bara gani, aliona akaunti moja inajiuliza na kujijibu kwa lugha asiyoijua, akaandika kuuliza kama mwenye akaunti ni mzima wa akili. Nilicheka mpaka nikaziba mdomo. Sijui kama baba naye alicheka.

Nikaandika, "Mwambie mama kabla ya Jumapili." Jana aliweka alama kwenye michoro sitini na moja, na hapo chini ya nyota hakuandika neno.

Basi leo alfajiri nimemjibu mtafiti. Nimeandika majina matatu ya baba, yote. Nimesema akaunti ni yangu ila jicho ni lake, kwamba alisoma prufu miaka ishirini na saba, na kwamba asante ile ya kwanza haikuwa yangu kuisema. Nimeeleza kadi. Nikabonyeza kabla sijapata muda wa kuwa mimi. Kisha nikanakili jibu lote kwa mkono, kwa Kiswahili, kwenye karatasi safi, ili nimpe baba aisome kama prufu.

Shule leo imefungwa, walimu wana mkutano. Niliaga kwamba naenda maktaba, nikazunguka mtaa, nikarudi. Niko chumbani kwangu. Baba ameingia saa nne kasoro robo. Hajui kama nipo. Nimemsikia akiteka maji, kiti kimelia, amekohoa kidogo kama mtu anayeingia ofisini. Nusu saa sasa nasikia kipanya kinabonyezwa, kinanyamaza, kinabonyezwa. Karatasi yake ninayo hapa mezani. Kila nikisimama nakaa tena, ndipo nikaona nikuandikie wewe kwanza ili

Lango limefunguliwa. Si la jirani, ni letu.

Ni viatu vya mama.

Kipanya kimenyamaza. Wanaongea, nasikia yote.

"Yuko wapi?"

"Nani?"

"Baba Kisauti, usinichezee. Nimetoka kazini na koti la watu mwilini. Vikombe viwili hivi hapa, mchana kweupe. Yuko wapi?"

"Hakuna mtu."

"Basi wewe huku unafanya nini? Kiwanda kimehamia sebuleni?"

Kiti kimelia tena, baba amesimama.

"Mke wangu, kaa chini kwanza."

"Sikai. Nitamtafuta mwenyewe."

Amefungua chumba chao. Amefungua bafu, nimesikia pazia likivutwa. "Mama Kisauti, nisikilize," baba anasema, lakini analisema polepole mno, na viatu vimeshageukia huku. Anadhani huyo mwanamke yuko humu ndani. Barua hii ikisomwa itafichua kiapo chako, Shangazi, naitia ndani ya foronya. Ile karatasi yenye majina matatu ya baba naiacha mezani, imefunuliwa, karibu na mlango, pale mkono wake utakapofika kabla hajaniona mimi.